Mzigo mmoja, majibu mawili: mizani na vipimo vya nafaka vinapopingana Korogwe

OLD KOROGWE

GUNIA la mahindi lililopimwa asubuhi na kuonekana lina kilo 100 linaweza kupimwa tena jioni kwenye mizani nyingine na kuonekana lina kilo 97, na pasiwepo mwizi yeyote kati ya wenye mizani hizo mbili. Kwa mkulima mwenye gunia moja, hizo ni kilo tatu za kulalamikia njiani. Kwa mfanyabiashara anayepakia magunia 300 kwenye lori, ni kilo 900, yaani magunia tisa yaliyolipiwa ambayo hayapo.

Korogwe ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili. Mji huo wa mkoa wa Tanga, pamoja na kata yake ya Old Korogwe, uko kwenye barabara kuu itokayo Segera kwenda Mombo, Same na Moshi, na unapokea mazao ya vijiji vyake na ya pande za Handeni. Mahindi, ufuta, machungwa, maharage na mkonge kila kimoja kina kipimo chake na mnunuzi wake, na kila mnunuzi huja na mizani yake. Mzigo unaweza kupimwa shambani, ghalani, mashineni na mpakani, na mara nyingi majibu hayalingani.

Bei hupanda na kushuka, na kila mfanyabiashara anajua kuifuatilia. Kipimo hakifuatiliwi kwa bidii hiyo. Wengi hudhani kwamba namba ikishasomwa imekuwa kweli. Wataalamu wa vipimo huuliza swali moja kwanza kabla ya kuiamini namba yoyote: kitu hicho hicho kikipimwa tena, jibu litakuwa lile lile?

Usahihi na uthabiti

Katika soko la kawaida maneno "mizani nzuri" hubeba mambo mawili ambayo inafaa yatenganishwe. La kwanza ni usahihi, yaani jibu liko karibu na ukweli kiasi gani. La pili ni uthabiti, yaani majibu ya kipimo hicho hicho yako karibu kiasi gani yakirudiwa.

Chukua mfano wa jiwe la mizani lenye uzito uliohakikiwa wa kilo 50. Likiwekwa mara tano kwenye mizani ya kwanza, mizani inasoma 49, 49, 49, 49 na 49. Likiwekwa mara tano kwenye mizani ya pili, inasoma 48, 51, 50, 52 na 49. Mizani ya kwanza ni thabiti lakini si sahihi. Mizani ya pili, ukijumlisha majibu yake na kugawanya kwa tano, inatoa kilo 50 kamili, lakini hakuna gunia hata moja ambalo mwenye nalo anaweza kuliapia.

Mizani ya kwanza ni rahisi kutibu. Fundi aliyeidhinishwa anairekebisha mara moja na maisha yanaendelea. Isiporekebishwa, hata hivyo, inahamisha mali kutoka upande mmoja kwenda mwingine siku zote: kilo 2 katika kila kilo 100, kilo 600 katika magunia 300, na anayefaidi ni yule yule kila siku.

Mizani ya pili inaumiza kwa namna nyingine. Anayepima magunia 300 juu yake hataumia sana, maana makosa ya kuzidi na ya kupungua yataelekea kufidiana. Anayeumia ni mwenye gunia moja au mawili, kwa sababu hana magunia mengine ya kufidia. Kwa hiyo mizani isiyo thabiti humlemea zaidi mkulima mdogo, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumpunja.

Kuna pia jambo la tatu: mizani hiyo hiyo mikononi mwa mtu mwingine, au mzigo huo huo kwenye mizani nyingine ya aina hiyo hiyo. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa biashara huzaliwa. Muuzaji ana karatasi yake, mnunuzi ana yake, na kila mmoja alipima kwa uaminifu.

Debe, sado na mizani

Kabla ya kufika kwenye mizani, mahindi mengi ya vijijini hupitia debe na sado. Vipimo hivi vina kasoro moja ya msingi: hupima ujazo, na biashara inahesabiwa kwa uzito. Debe lile lile la mahindi makavu yenye punje kubwa halina uzito sawa na la mahindi mabichi au yenye punje ndogo. Mpimaji akilitikisa debe, punje hukaa vizuri na nafasi huongezeka. Akiliacha na kilima juu, kilima cha mkono mmoja si kilima cha mkono mwingine.

Kwa sababu hiyo, watu wawili wanaopima rundo lile lile kwa debe lile lile wanaweza kupata hesabu tofauti bila kufanya hila. Anayetaka hila, naye, amepewa mlango. Lumbesa ni mlango huo huo ulioshonewa kilemba: gunia linaitwa gunia, lakini limeongezewa mzigo juu ya mdomo wake, na mkulima analipwa kwa jina la gunia badala ya uzito wake.

Sheria ya Vipimo, Namba 20 ya mwaka 1982, ambayo sasa ni Sura ya 340, inataka mizani inayotumika katika biashara ihakikiwe na kuwekewa alama. Kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Vipimo, ulioanza kama wakala wa serikali mwaka 2002. Uhakiki hufanywa kila mwaka, na mnunuzi au muuzaji ana haki ya kutazama alama ya mwaka husika kabla mzigo haujapanda mizani.

Alama hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi peke yake. Inaeleza kwamba siku ya uhakiki mizani ilikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Haielezi mizani ilibebwa vipi baada ya hapo. Mizani ya springi inayoning'inizwa mtini huchoka kwa kubebeshwa mizigo mizito, na mwisho springi hairudi vizuri kwenye sifuri. Mizani ya kidijitali ikiwekwa kwenye ardhi iliyoinama, au mguu wake mmoja ukikaa juu ya kokoto, husoma kona moja tofauti na nyingine. Betri ikilegea namba hucheza. Upepo ukivuma kwenye gunia linaloning'inia, anayesoma huchagua mwenyewe wakati wa kusoma.

Unyevu: asilimia moja ni kilo ngapi?

Anayenunua mahindi hununua vitu viwili kwa pamoja, nafaka na maji. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Juu ya hapo mahindi hupata joto, ukungu huota, na mnunuzi mkubwa huyakataa au hukata uzito.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mnunuzi anapaswa kuijua kwa moyo. Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 ina kilo 840 za nafaka kavu, zilizobaki ni maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, uzito wake unakuwa takriban kilo 971. Kilo 29 zimekwenda hewani. Kwa lori la tani 30, hizo ni kilo 867, karibu magunia tisa ya kilo 100.

Sasa tuseme kipimo cha unyevu kina kosa la asilimia moja tu. Mahindi yana asilimia 14.5 lakini kipimo kinasoma 13.5. Mnunuzi analipa kana kwamba ni makavu. Yakishakauka kweli, kila tani imepungua kilo 11 na nusu hivi, na lori zima la tani 30 limepungua karibu kilo 350. Kwa biashara ambayo faida yake kwa kilo huwa ndogo, kosa la asilimia moja linaweza kula sehemu kubwa ya faida ya safari nzima.

Inafaa kukumbuka kwamba kifaa cha mkononi cha kupimia unyevu hakipimi maji. Kinapima jinsi nafaka inavyoitikia umeme, kisha kinatafsiri jibu hilo kuwa asilimia ya maji kwa kufuata jedwali lililowekwa ndani yake kwa kila zao. Ukichagua jedwali la ngano na kuweka mahindi, kifaa hakitakataa, kitatoa namba isiyo sahihi. Mahindi yaliyotoka juani yakiwa ya moto husoma tofauti na yaliyopoa kivulini. Punje zilizokauka nje na kubaki na maji ndani hukidanganya kifaa, na ndivyo zilivyo zile zilizoanikwa haraka siku moja ili kuwahi gari la mnunuzi. Mahindi makavu yaliyochanganywa na mabichi nayo hutoa wastani unaopendeza, huku punje mbichi zikisubiri kuoza ghalani.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la mtu anayejaza kikombe cha kifaa mara moja, akabonyeza kitufe mara tatu, akapata 13.4, 13.4 na 13.4, akaridhika. Huyo hajapima mahindi mara tatu. Amepima kikombe kimoja mara tatu. Kinachotakiwa ni kumwaga, kuchota upya kutoka gunia jingine au sehemu nyingine ya gunia lile, kujaza kikombe kwa namna ile ile, na kupima tena. Majibu yakija 13.2, 14.6, 13.5, 15.1 na 13.3, mfanyabiashara amepata habari yenye faida kuliko ile 13.4 ya kwanza: mzigo umechanganywa.

Kipimo cha kuegemea pale panapotokea ubishi ni tanuri. Nafaka hupimwa uzito, hukaushwa, kisha hupimwa tena. Kwa njia moja inayotumika sana kwa mahindi, punje nzima hukaa kwenye nyuzijoto 103 kwa saa 72. Siku tatu ni nyingi kwa mwenye lori barabarani, na ndiyo maana kifaa cha mkononi kina soko. Lakini kifaa hicho kinapaswa kulinganishwa na tanuri angalau mara moja kila msimu.

Wakulima wanayo njia ya chumvi: chumvi kavu na mahindi hutikiswa ndani ya chupa kavu, yakaachwa kidogo, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Ni njia nzuri ya kumwambia mtu aendelee kuanika. Haiwezi kumwambia kama ana 13.5 au 14.5, na hakuna bei inayopaswa kuwekwa juu yake.

Punje moja kati ya maelfu

Mahali ambapo kurudia kipimo kunaleta majibu ya kushangaza zaidi ni kwenye sumukuvu. Ukungu unaotengeneza sumu hii hauenei sawasawa. Unakaa kwenye punje chache, na punje moja inaweza kubeba sumu nyingi kupita kiasi huku majirani zake wakiwa safi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Watafiti Marekani waliwahi kukuta punje moja moja za mahindi zenye zaidi ya sehemu 400,000 kwa bilioni.

Weka hesabu. Punje moja ya mahindi ina uzito wa kama theluthi moja ya gramu au pungufu kidogo. Tuseme gramu 0.3. Sampuli ya kilo 5 ina punje zipatazo 16,600. Punje moja tu yenye sehemu 400,000 kwa bilioni ikiingia katika sampuli hiyo, na nyingine zote zikiwa safi kabisa, sampuli nzima itasoma sehemu 24 kwa bilioni, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Sampuli nyingine ya kilo 5 kutoka lori hilo hilo ikiikosa punje hiyo, itasoma sifuri.

Kwa maneno mengine maabara mbili zinaweza kufanya kazi bila kosa, zikatoa majibu mawili yanayopingana juu ya lori moja, na zote zikawa zimesema kweli kuhusu mfuko zilioletewa. Sehemu kubwa ya kosa haiko kwenye mashine ya maabara. Iko kwenye mkono uliochota. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 ilitaka, kwa mizigo mikubwa ya nafaka, michoto midogo 100 kutoka sehemu mbalimbali, ikusanywe kuwa sampuli moja ya kilo 10, isagwe na kuchanganywa kabla ya kupimwa.

Athari zake zimeshaonekana ukanda huu. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu nchini Kenya uliua watu 125. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mlipuko uliotokea mikoa ya Dodoma na Manyara. Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za ukungu. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa tena kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uje na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu kiko chini ya sehemu 10 kwa bilioni.

Kwa mfanyabiashara wa Korogwe anayetazama soko la kaskazini, fundisho liko wazi. Cheti kilichotokana na mchoto mmoja juu ya gunia la juu ni bima hafifu. Lori lake linaweza kupita leo na lori la namna ile ile likakataliwa kesho, bila chochote kubadilika shambani.

Mkonge na jicho la mpangaji

Korogwe ililelewa na mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, likaenea kufuata reli ya Tanga iliyofika Korogwe mwaka 1902, na hadi katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika, kisha Tanzania, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Uzalishaji ulianguka hadi kama tani 20,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo wakulima wadogo wameingia katika mashamba ya Magunga, Mwelya, Ngombezi, Hale na Magoma, na kujiunga katika vyama vya ushirika vya msingi.

Mkonge hupangwa kwa madaraja yenye alama zinazojulikana katika soko la dunia, kama 3L na UG. Urefu unapimika kwa rula. Daraja la 3L linataka nyuzi za kuanzia sentimita 90. Rangi, usafi na mng'ao havina rula. Vinategemea jicho la mpangaji, na jicho la asubuhi penye mwanga mzuri si jicho la saa kumi na moja jioni ndani ya banda. Mpangaji mzoefu akipewa tita lile lile mara mbili bila kujua, anapaswa kulirudisha kwenye daraja lile lile. Hilo ni jaribio rahisi lisilogharimu chochote, na chama chochote cha ushirika kinaweza kulifanya: weka alama ya siri kwenye matita kumi, yachanganye na mengine, uone yatarudi wapi.

Upande wa uzito, nyuzi kavu hunyonya unyevu wa hewa, hivyo robota la kilo 250 lililofungwa kiangazi na lile lililofungwa masika hayana nyuzi sawa. Na kwa mkulima, pengo kubwa zaidi liko kati ya majani na nyuzi. Nyuzi kavu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa majani. Tani 10 za majani kwa asilimia 4 ni kilo 400 za nyuzi. Kwa asilimia 3.5 ni kilo 350. Nusu ya asilimia moja, ambayo kwenye karatasi haionekani kuwa kitu, ni kilo 50 za mkonge. Popote malipo ya mkulima yanapofuata makadirio ya asilimia hiyo, ana haki ya kujua ilipimwa lini, kwa majani ya umri gani, na mara ngapi.

Hedfoni zinafundisha nini

Maduka ya vifaa vya simu nayo yamejaa kipimo cha kutiliwa shaka. Karibu kila boksi la hedfoni, ziwe za bei ya chini au za bei ya juu, limeandikwa kwamba sauti yake inaanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Huo ni upeo wa sikio la mtu mwenye usikivu mzuri, na kuuandika kwenye boksi hakugharimu kitu. Namba hiyo haisemi sauti inapungua kiasi gani katika kila mwisho, na bila hilo haimsaidii mnunuzi kulinganisha boksi na boksi.

Wanaopima hedfoni kwa dhati huzivalisha kwenye sikio la bandia lenye maikrofoni ndani. Kiwango cha kimataifa cha sikio hilo kilitolewa mwaka 1981 kwa namba IEC 711, na sasa kinajulikana kama IEC 60318-4. Waligundua mapema kwamba hedfoni ile ile ikivuliwa na kuvalishwa tena hutoa mchoro tofauti, hasa kwenye besi, kwa sababu upenyo mdogo kati ya mto wa hedfoni na ngozi huivujisha besi yote. Mwenye miwani hupata besi pungufu kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye sauti kali za juu, kusogea kwa milimita chache hubadili jibu.

Suluhisho lao ndilo ambalo mnunuzi wa mahindi analihitaji. Huvua na kuvalisha upya mara kadhaa, hupima kila mara, kisha hutoa wastani pamoja na upana wa tofauti zilizoonekana. Maabara mbili hazilinganishi namba zao mpaka zihakikishe zimetumia sikio la bandia la aina moja. Kuvua na kuvalisha upya ni sawasawa na kumwaga kikombe na kuchota upya. Kubonyeza kitufe mara tatu si kurudia kipimo, iwe ni muziki au ni nafaka.

Nani anapima tena?

Kuna hila moja ambayo haihitaji mizani mbovu wala kifaa kilichochezewa. Mzigo ukikaribia kikomo, majibu yataangukia upande huu au ule kwa bahati. Muuzaji akipimiwa na kukataliwa, huomba kipimo cha pili. Akikataliwa tena, huomba cha tatu. Jibu zuri likitoka, upimaji unakoma. Kwa mzigo ulio mpakani hasa, ambao kila kipimo kina nafasi sawa ya kupita na kushindwa, nafasi ya kupata angalau jibu zuri moja katika vipimo vitatu ni saba kati ya nane. Mnunuzi mwenye nguvu hufanya kinyume chake: hupima tena kila mzigo uliopita, mpaka upatikane wa kukatwa bei.

Kila kipimo hapo ni halali kikitazamwa peke yake. Kisicho halali ni kuamua idadi ya vipimo baada ya kuona jibu. Idadi hiyo ikubaliwe kabla, majibu yote yaandikwe, na wastani ndio ulipwe. Mkataba wa mstari mmoja unatosha.

Jambo hili linawagusa hata wawekezaji wadogo ambao hawashiki gunia. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mzigo uliowekwa ghalani unaweza kuuzwa au kuwekwa dhamana ya mkopo kwa karatasi inayotaja uzito na daraja. Anayenunua karatasi hiyo, au benki inayoikopeshea, haijaona mahindi. Inaamini mizani ya ghala. Uzito ukiwa na shaka ya asilimia tatu, dhamana nayo ina shaka hiyo hiyo, na riba haitapungua kwa sababu mizani ilikosea.

Hatua zinazofaa kuchukuliwa

Kwa mfanyabiashara wa kati, ukaguzi wa kawaida haugharimu zaidi ya nusu saa kwa wiki.

Kwanza, tazama alama ya uhakiki ya mwaka huu, na sifuri ya mizani kabla na baada ya kila mzigo.

Pili, weka kitu kimoja kisichobadilika uzito, kama jiwe lililohakikiwa, na kipime mara tano kila Jumatatu. Asiye na jiwe atumie maji: lita 20 za maji kwa joto la kawaida la Korogwe zina uzito wa kilo 19.9 hivi, ukiacha ndoo. Ndoo ipimwe ikiwa tupu kwanza, na lita zipimwe kwa chupa zilizofungwa kiwandani kwa sababu mistari ya ndoo haiaminiki.

Tatu, sogeza uzito huo kwenye kila kona ya jukwaa la mizani. Kona zikitofautiana, isawazishe mizani kabla ya kumlaumu mtu.

Nne, kwa unyevu, chota kutoka magunia yasiyopungua matano, ya juu, ya kati na ya chini, acha mahindi yapoe, na andika majibu yote matano. Ukisikia mtu anatoa namba moja tu, muulize ya pili.

Tano, kwa sumukuvu, chota kidogo kidogo wakati mzigo unapakiwa au kushushwa, gunia kwa gunia, kisha changanya na kusaga kabla ya kupeleka maabara. Hifadhi nusu ya unga huo, umefungwa na kusainiwa na pande zote mbili, kwa ajili ya siku ya ubishi.

Sita, fungua daftari la mizani kando ya daftari la fedha, lenye tarehe, aliyepima, mizani iliyotumika na majibu yote, yakiwemo yale yasiyopendeza. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litaonyesha mizani ipi inapunguza, mnunuzi yupi husoma chini kila mara, na kijiji kipi huleta mahindi yaliyochanganywa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika soko la nafaka, mali nyingi huishia kwenye zile kilo tatu ambazo hakuna aliyeziandika.